Fremu inaweza kusubiri: tathmini ya vifaa vya baiskeli ya trayali ya mtaani

Anayetaka kuingia kwenye trayali ya mtaani huanza kwa kuulizia fremu. Inaeleweka, kwa sababu jina la baiskeli limeandikwa kwenye fremu na ndiyo inayoonekana kwenye video. Lakini mtu akiwa amesimama kwa gurudumu la nyuma peke yake juu ya ukuta wa upana wa tofali mbili, vinavyomweka pale ni vitu vitatu: breki ya nyuma isiyoteleza hata kidogo, friwili inayoshika papo hapo anapokanyaga pedali, na cheni isiyokatika. Kwa hiyo tunaanza na hivyo, na fremu tumeiweka mwisho makusudi.

Kwa asiyeufahamu mchezo: trayali ni kupita juu ya vizuizi kwa baiskeli bila mguu kugusa chini. Ile ya mashindano huchezwa kwenye mawe, magogo na majukwaa, kwa baiskeli za inchi 20 na 26, nyingi zikiwa hazina kiti kabisa. Ya mtaani imechukua ufundi ule ule ikaongezea mbinu za BMX: kuzunguka hewani, kutembea kinyumenyume, kuruka kutoka ukuta hadi ukuta kwa kasi. Aprili 2009 Danny MacAskill, kijana kutoka kisiwa cha Skye huko Scotland, alitoa video iliyopigwa Edinburgh ambamo anapita na baiskeli juu ya uzio wa vyuma. Baiskeli ilikuwa ya Inspired, kampuni ya Uingereza, na tangu hapo inchi 24 imekuwa ndiyo saizi ya mchezo huu. Modeli zao za Fourplay na Skye ndizo wengine wanazopimia baiskeli zao.

Breki ya nyuma

Hapa ndipo pesa ya kwanza iende. Chaguo ni mbili: breki ya mafuta inayobana ringi, ambayo kwa wengi maana yake ni Magura HS33, au breki ya diski.

Hesabu ya HS33 ni rahisi. Ringi ya inchi 24 ina kipenyo cha milimita 507 pale tairi linapokaa, kwa hiyo padi inabana umbali wa takriban milimita 250 kutoka kwenye ekseli. Diski ya milimita 160 inabanwa milimita 70 na ushee tu kutoka ekseli. Ili kuzuia gurudumu lile lile lisigeuke, padi za diski zinatakiwa kushika kwa nguvu inayozidi mara tatu ile ya padi za ringi. Kwenye trayali breki haipunguzi mwendo wa kushuka mlima. Kazi yake ni kulifunga gurudumu lililosimama huku uzito wote wa mtu ukilisukuma. Ndiyo maana breki hii, ambayo kwenye baiskeli nyingi za kawaida imeachiwa nafasi na diski, bado inauzwa kwa watu wa trayali.

Haikai sawa yenyewe, lakini. Kwanza padi zilale sambamba na uso wa ringi. Legeza vibano vya silinda, banisha breki kwa mkono wa breki mpaka padi zijilaze zenyewe kwenye ringi, kisha kaza bolti kwa zamu, kidogo kidogo kila upande. Acha nafasi ya milimita 2 hivi kila upande. Ikiwa kubwa kuliko hapo mkono wa breki utagusa usukani kabla ya kushika. Pili, funga kiimarishi, ile chuma ya nusu duara inayounganisha silinda mbili. Bila hiyo mabomba ya nyuma ya fremu yanapanuka unapobana, na nguvu ya vidole inaishia kupanua fremu. Kama ukibana unaona mabomba yakitanuka kwa macho, usilaumu padi.

Tatu ni kukwangua ringi kwa grainda. Ringi laini ya alumini ikilowa inateleza, na mchezo huu umekulia kwenye miji ya mawe yenye mvua. Vua tairi na tyubu, vaa miwani, tumia diski ya kusaga chuma, kisha gusisha kwa mshazari ukiacha mistari iliyokaribiana, milimita 2 au 3 kati ya mstari na mstari, pande zote mbili za ringi. Gusa tu, hauchimbi mfereji. Ukimaliza pitisha brashi ya waya kuondoa vumbi, maana vumbi la alumini likibaki linajikandika kwenye padi na breki inakuwa laini siku ya kwanza. Makwaruzo huisha makali taratibu na lazima uyarudie, na kila mara unakula unene wa ringi. Ukuta wa ringi ukianza kuonekana umebonyea katikati, ringi hiyo imekwisha. Padi nazo zinaliwa haraka, na kelele ni kubwa. Asiyetaka grainda hupaka lami kidogo sana kwenye ringi laini. Inashika vizuri kukiwa kukavu, kukilowa haifai.

Diski inakubali mengi ambayo HS33 haikubali. Ringi ikipinda, breki haijui. Unaweza kuichezea kwa kidole kimoja na kupata breki ya nusu, ambayo ndiyo inayohitajika kwenda na gurudumu la nyuma peke yake kwa mwendo mrefu. Hope ya Uingereza hutengeneza breki maalumu ya trayali, Trial Zone, na kwa anayetaka diski nyuma hiyo ndiyo ya kwanza kuiangalia. Breki za Shimano nazo ni imara. Kasoro ya diski nyuma inajitokeza pale unapofunga breki na kuisukuma baiskeli mbele na nyuma ukiwa umesimama: unasikia kitu kikigonga kidogo. Ni padi zinacheza ndani ya kalipa, kile kipande kinachoshikilia padi. Kabla ya kulaumu padi, kagua bolti za kalipa, beringi za haba (kitovu cha gurudumu) na bolti za diski, ambazo nyingi ni za M5 zenye kichwa cha nyota cha T25 na zikazwe kwa zamu ya mshazari. Padi zikiendelea kucheza baada ya hapo, bati jembamba nyuma ya kingo zake husaidia.

Mafuta ya breki hayana mjadala. Magura na Shimano hutumia mafuta ya madini. Hope hutumia DOT 4 au 5.1. Ukichanganya, mipira ya ndani inavimba na breki nzima inakufa. Kwa aliyeko Dar, Mombasa au Kampala hili lina uzito katika kuchagua, kwa sababu DOT 4 inapatikana kwenye kila duka la vipuri vya magari, wakati mafuta ya madini ya baiskeli huenda ukayaagiza nje. Lakini DOT hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo ukiwa pwani ibadilishe kila mwaka, na chupa iliyofunguliwa muda mrefu usiitumie. DOT 5 ni ya silikoni, isiingie humo kabisa hata kama namba zinafanana.

Uamuzi wetu: mbele weka diski bila kufikiri mara mbili. Nyuma, anayependa kusimama na kurukaruka juu ya gurudumu la nyuma achukue HS33 kama fremu ina vishikio vyake; anayependa kasi, mizunguko na kwenda kinyumenyume achukue diski. Angalia vishikio kabla ya kununua fremu, kwa sababu haviongezwi baadaye.

Friwili na haba

Baiskeli ya kawaida ukikanyaga pedali kuna upenyo kabla gurudumu halijashika. Kwenye trayali upenyo huo ndio unaokuangusha: umejipanga kuruka kutoka gurudumu la nyuma, unakanyaga, pedali inakwenda bure sentimita mbili, mwili umeshaanguka mbele.

Kuna mipango miwili. Wa kwanza ni friwili mbele, kwenye krenki ya kulia, na gia ya nyuma isiyo na friwili. Wa pili ni friwili ndani ya haba ya nyuma. Friwili ya mbele inayosifiwa zaidi ni ENO ya White Industries ya Marekani, yenye nukta 72 za kushika katika mzunguko mmoja, yaani nyuzi (digrii) 5 kati ya nukta na nukta. Kwenye krenki ya milimita 170 nyuzi 5 ni kama milimita 15 za pedali.

Haba ya nyuma ina faida ambayo wauzaji wengi hawaielezi. Gurudumu linazunguka haraka kuliko krenki, kwa hiyo upenyo wa haba unagawanywa kwa uwiano wa gia. Haba yenye nukta 72 kwenye gia ya 22 kwa 15 (meno 22 mbele, 15 nyuma) inatoa nyuzi 3.4 tu kwenye krenki, milimita 10 za pedali. Haba yenye nukta 48 kwenye gia hiyo hiyo inatoa milimita 15, sawa na ENO iliyoko mbele. Usilinganishe nukta za mbele na za nyuma bila kufanya hesabu hiyo.

Friwili ya mbele inabaki na sababu zake. Haba ya nyuma inakuwa nyepesi na rahisi, na friwili ikichoka unabadilisha kipande kimoja bila kugusa gurudumu. Ila cheni inazunguka muda wote gurudumu linapozunguka, hata miguu ikiwa imetulia. Suruali pana au kidole kilichosogea kusafisha cheni wakati gurudumu linazunguka vinaingia moja kwa moja. Kwa mtaani, ambako unakwenda kasi zaidi ya uwanjani, tunapendelea haba ya nyuma. Za Hope na Chris King zimejijengea jina kwa kuvumilia.

Ukifunga friwili ya mbele, inaangalia ndani, upande wa fremu, na inajikaza yenyewe kila unapokanyaga. Paka grisi kwenye nyuzi za skrubu kabla ya kuifunga. Iliyofungwa kavu haitoki hata kwa bomba refu kwenye spana, na meno ya kifaa cha kuitolea yanavunjika kwanza.

Cheni

Hakuna kipande cha bei ndogo chenye hatari kubwa kama hiki. Cheni ikikatika wakati umekanyaga kwa nguvu zote, pedali inadondoka na kifua kinakwenda kwenye shingo ya usukani. Chagua cheni nzima ya gia moja kutoka kampuni inayojulikana, KMC kwa mfano, na linganisha upana na gia zako: inchi 3/32 na 1/8 hazifanani. Cheni ya 1/8 inakaa kwenye gia ya 3/32 ingawa inacheza kidogo. Ya 3/32 kwenye gia ya 1/8 haipandi.

Pima kwa rula. Nafasi 24 za pini kwenye cheni mpya ni milimita 304.8. Ikifika 306.3 imerefuka nusu asilimia, itupe. Kwa baiskeli ya kwendea sokoni ungeendelea nayo; hapa hapana. Mshikizo wa kufungua haraka kwa mkono hatuupendekezi kwenye trayali. Funga kwa pini mpya, kisha pindisha kiungo hicho kushoto na kulia mpaka kicheze kama vingine.

Ukazaji: katikati ya sehemu ya chini cheni icheze milimita 5 hadi 10. Zungusha krenki mzunguko mzima, kwa sababu sproketi nyingi haziko katikati kamili na kuna sehemu moja inayobana. Kaza kwa kufuata sehemu hiyo iliyobana, la sivyo beringi za krenki zitakula mzigo usio wao. Fremu nyingi za trayali zina nafasi ya ekseli ya kulala pamoja na vikaza cheni vya umbo la konokono. Vigeuze vyote viwili namba sawa ili gurudumu lisikae upande.

Uwiano wa gia

Zidisha kipenyo cha gurudumu kwa meno ya mbele, gawanya kwa ya nyuma. Mashindano ya inchi 20 hutumia 18 kwa 12, unapata 30. Inchi 26 kwa 22 na 18 unapata karibu 32. Ni gia nyepesi: robo ya mzunguko inakurusha juu ya jukwaa, lakini mwendo wa kukimbilia hauna. Kwa mtaani wa inchi 24, gia ya 22 kwa 16 inatoa 33, kwa 15 inatoa 35, kwa 14 inakaribia 38. Anayeanza achukue 16 na anunue gia ya 14 baadaye, akishaweza kuruka akiwa mwendoni. Anayeanza na 14 anajifunza kukanyaga kwa nguvu ya mgongo badala ya muda sahihi, na tabia hiyo inachukua muda kuondoka.

Kinga ya sproketi ni lazima. Pembe ya ukuta ikipiga meno, cheni inaruka siku hiyo hiyo.

Krenki na pedali

Krenki nyingi za trayali zinakaa kwenye ekseli ya mfumo uitwao ISIS, yenye meno 10. Kaza kati ya Nm 35 na 45, kisha rudia baada ya siku ya kwanza ya kupanda. Ikilegea na ukaendelea, meno ya alumini yanajikwangua na krenki haitakaa tena. Pedali ziwe bapa zenye pini, viatu viwe na soli bapa ya mpira.

Magurudumu na matairi

Ringi za mashindano zinatobolewa matundu makubwa kupunguza uzito. Kwa mtaani hatuoni sababu: unatua kwenye pembe za zege kutoka juu, na tundu ndipo ringi inapobonyea. Chukua ringi ya kuta mbili isiyotobolewa, spoki 32 au 36, haba ya nyuma ya milimita 135.

Matairi ya inchi 24 ndiyo taabu ya saizi hii. Maxxis Holy Roller ya 24×2.4 ni chaguo zuri: meno madogo, inateleza polepole kwenye zege, ukuta wa pembeni hauchoki upesi. Lakini neno inchi 24 pekee halitoshi. Kuna ya milimita 507 pale tairi linapokaa, ambayo ndiyo yetu, na kuna ya 540 ya viti vya magurudumu. Vivyo hivyo inchi 26 ya baiskeli za milimani ni 559, wakati 26×1 3/8 ni 590. Soma namba iliyochongwa pembeni ya tairi kabla ya kulipa, hasa ukinunua mtumba.

Upepo: mbele psi 30 hadi 35, nyuma 40 hadi 50, kutegemea uzito wako. Tyubu ikitoboka matundu mawili yaliyo sambamba, imebanwa kati ya ringi na pembe ya ukuta. Ongeza psi 5. Kama ringi yako ina tundu la milimita 8.5, weka tyubu ya valvu ya gari na kila kituo cha mafuta kitakujazia. Ringi ya tundu la milimita 6.5 inataka valvu nyembamba, nawe utatembea na pampu yako.

Usukani na shingo

Usukani wa milimita 700 hadi 740, wa alumini. Nyuzi za kaboni ziache kwa mchezo usioangusha baiskeli kwenye zege kila siku. Shingo ya mashindano ni ndefu na inapanda sana ili mwili uweze kwenda mbele. Ya mtaani iwe fupi, kwa sababu shingo ndefu inazuia kuzungusha baiskeli hewani. Kaza bolti za uso wa shingo kwa zamu na nafasi ya juu na chini iwe sawa. Upande mmoja ukikazwa mpaka mwisho, usukani unavunjikia hapo.

Fremu, sasa

Fremu ya mtaani ina kiti kidogo, mabomba mafupi ya nyuma, na sehemu ya krenki iliyopanda kidogo tu juu ya mstari wa ekseli. Ya mashindano imepanda sana. Inasaidia kuruka juu ukiwa umesimama, ila kwa kasi unajisikia umekaa juu ya baiskeli badala ya ndani yake. Hii ndiyo tofauti ya kuangalia kwenye jedwali la vipimo kabla ya rangi. Fremu ya trayali ya mashindano iliyotumika, hata kwa bei nzuri, haigeuki ya mtaani.

Kwa mwenye bajeti ndogo, njia yenye maana ni fremu ya kurukia udongo ya inchi 26, yenye nafasi ya ekseli ya kulala na kishikio cha diski, iliyofungwa uma wa chuma usio na springi. Zinaonekana mara moja moja kwenye mitumba inayoingia kutoka Ulaya. Itakuwa ndefu na nzito kidogo, lakini ukiweka breki nzuri, haba ya nukta 72 na cheni mpya, itakufundisha zaidi kuliko Skye yenye haba iliyochoka.

Fremu iliyotumika ikaguliwe ikiwa safi na kavu, kwa tochi. Pitisha ukucha chini ya bomba la chini karibu na kichwa cha fremu, kuzunguka sehemu ya krenki, na kwenye maungio ya mabomba ya nyuma karibu na ekseli. Toa uma, uangalie shina lake pale linapoingia kwenye taji. Tazama tundu la pedali kwenye krenki ya kushoto. Mstari wa rangi uliopasuka karibu na weldi ukwangue kidogo: ukiendelea kwenye chuma, ni ufa. Muuzaji akikuambia kilishachomelewa na kiko imara, kiache. Aloi nyingi za alumini za fremu hupoteza nguvu pale moto wa weldi ulipopita, na hairudi mpaka fremu ipashwe joto upya kiwandani.